Ukifika Ureno, pesa yako ianzie sahani ipi?

Mtu wa pwani akiingia Lisbon na yuro za kuhesabu, hana haja ya kuanza na nyama. Mimi napanga hivi, nikianzia na kile ambacho ningekila tena kesho.

Cha kwanza ni bacalhau, tamka "bakalyau". Ni samaki wa bahari za baridi, kutoka Norwei na Iceland, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Dukani amekakamaa kama ubao, na anayemjua ng'onda au papa mkavu hahitaji kuelezwa ile harufu. Kabla ya kupikwa hulowekwa siku moja au mbili, maji yakibadilishwa tena na tena. Wareno hujigamba kuwa wana pishi lake kwa kila siku ya mwaka. Wewe anza na bacalhau à Brás: samaki amechambuliwa nyuzinyuzi, akachanganywa na vitunguu, viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti na kukaangwa, kisha mayai, na zeituni nyeusi juu. Tazama yai. Likiwa bado laini, linang'aa, umepata mpishi. Likiwa kavu kama makombo, hapo usirudi.

Cha pili ni pweza, polvo à lagareiro. Huchemshwa kwanza, halafu huingia oveni na kitunguu saumu na mafuta ya zeituni yasiyopimwa kwa kijiko. Viazi vyake huchomwa na maganda, kisha hupigwa ngumi vipasuke vinywe yale mafuta. Bei yake huuma kidogo, ila uma ukizama bila kubishana utasahau.

Sardini wa kuchoma ningewaweka juu zaidi kama wangekuwa wazuri mwaka mzima. Walie kiangazi, hasa Juni, usiku wa Mtakatifu António, tarehe 12 kuamkia 13, mitaa ya Lisbon ikiwa moshi mtupu. Samaki huwekwa juu ya kipande cha mkate. Usiutupe: mafuta yote yameingia humo, ndio utamu wenyewe.

Hapa nikuonye kuhusu mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani kabla hujaagiza kitu. Si takrima, ni couvert, na ukivigusa unalipa. Mimi nilijua hayo bili ilipofika, jibini nimeshaimaliza. Huvitaki? Sema mapema virudishwe. Samaki wabichi nao mara nyingi huuzwa kwa kilo, kwa hiyo aliyechaguliwa apimwe kwanza ndipo apikwe. Mchana ulizia prato do dia, chakula cha siku, ndicho nafuu.

Pastel de nata, kikeki kidogo cha unga chenye krimu ya mayai ndani, ni kitu cha kununua bila kufikiri sana. Duka la Belém, hapo Lisbon, jirani na monasteri ya Jerónimos, linavioka tangu 1837, na foleni yake ni ndefu. Kokote uendako, taka chenye madoa meusi juu na bado cha moto, kisha nyunyiza mdalasini.

Caldo verde ni supu ya viazi na majani ambayo ni ndugu wa sukuma wiki, yamekatwa membamba kama uzi. Nzuri siku ya baridi. Kwa asiyekula nguruwe, kumwambia mhudumu asiweke soseji ya chouriço hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi imeshachemka humohumo.

Kuku wa piri-piri? Si mbaya, na mji wa Guia kule Algarve una sifa naye. Lakini neno lenyewe ni pilipili yetu, na kuku wa kuchoma umemwacha nyumbani.

Mwisho kabisa naweka francesinha ya Porto: mkate, hemu, soseji, nyama ya ng'ombe, jibini iliyoyeyuka, vyote vikiogelea kwenye rojo la nyanya na bia. Agizeni moja watu wawili, na vile vilima vya Porto mvipande kabla ya kula.