Kidude cha kupima unyevu wa hewa, kwa wenye nyumba za zamani

Nimekaa nacho tangu kabla ya masika, kipo ndani ya kabati la misahafu ya marehemu babu, nyumba yetu Mji Mkongwe, zile kuta nene za mawe na chokaa. Mi nilijua kabati ndo salama kumbe usiku kinasoma 80%, na ukishapita 65 au 70 ukungu unajiotea tu kwenye majalada ya ngozi! Tukalisogeza mbali na ukuta kama shibiri moja, kidude kikaanza kusoma chini zaidi, maana ukuta ule kuna fundi aliupiga plasta ya simenti na simenti haipumui kama chokaa, maji yanabaki humo humo.

Ila usikiamini hivi hivi. Kifungie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloweshwa kidogo, kikae siku nzima, kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 71, kwa hiyo naongeza 4 kichwani, basi.

Bluetooth yake haivuki ukuta wa mawe, inabidi nisimame mlangoni na simu kama nimekuja kudai deni 😂 Betri nazo zinakwisha upesi. Nyota tatu na nusu.