Nyumba ya Makumbusho ya Kiswahili, Lamu: anzeni hapa

Mgeni anayeshuka gatini Lamu kwa mara ya kwanza huelekezwa, karibu kila mara, kwenye jengo la Makumbusho ya Lamu lililo ufukweni, kisha Ngomeni, na mwisho, ikiwa jua halijamchosha, hupelekwa kwenye Nyumba ya Makumbusho ya Kiswahili iliyojificha katikati ya mitaa. Nimeufuata mpangilio huo mara moja na nimeugeuza mara moja, na baada ya safari hizo mbili nina hakika kwamba mpangilio uliozoeleka humnyima mgeni sehemu kubwa ya raha ya sanaa za mji huu. Nyumba hiyo ndiyo inayostahili kutangulia. Tathmini hii inaihusu yenyewe, na mengine nitakayoyagusa nitayagusa kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho nikayaona.

Safari ya kwanza nilimlipa mtembezaji wageni niliyekutana naye kando ya maji, ambaye alikuwa na haraka tangu tulipoanza kutembea. Nyumba nzima tuliimaliza kwa muda usiozidi robo saa. Tulipofika chumba cha ndani kabisa, chenye ukuta uliojaa vishubaka vya chokaa, alisema tu kwamba hapo walikaa matajiri, akaniongoza moja kwa moja hadi kwenye duka ambalo, nilivyoelewa baadaye, lilikuwa likimgawia chochote kwa kila mteja aliyemleta. Nilirudi Malindi nikiwa na picha za kuta nyeupe ambazo sikuweza kumweleza mtu yeyote maana yake.

Mara ya pili nilikwenda na mama yangu, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Amu, yaani Lamu. Tulitoka Malindi kwa basi alfajiri, tukapita Garsen na Witu hadi Mokowe, tukavuka kwa boti, na kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda penginepo, tukabisha kwenye nyumba hiyo na kumwomba mwelezaji wa hapo hapo atupitishe taratibu. Kijana aliyetupokea alimwita mama yangu «mama» kwa adabu zote, akamkalisha kwanza kwenye baraza la daka, na maelezo yake yakaanzia pale pale tulipokaa, nje ya mlango. Daka, alisema, si kibaraza cha kupumzikia tu. Ni mahali ambapo mwenye nyumba alizungumza na watu aliokuwa na shughuli nao bila kuwaingiza ndani, kwa hiyo mtu angeweza kufanya biashara na nusu ya mji pasipo wanawake wa nyumba yake kusumbuliwa.

Nyumba yenyewe ni ya karne ya 18, na jambo la kwanza linalomshangaza anayeingia ni wembamba wa vyumba vyake. Vyumba ni virefu sana lakini upana wake hauzidi mita tatu, na sababu yake iko juu ya kichwa cha mgeni: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo huku imebeba uzito wa mawe na chokaa. Mti wa mkoko ndio uliompa fundi kipimo, naye akakigeuza kipimo hicho kuwa uzuri. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kuanzia kiwanda, yaani ua ulio wazi unaoleta mwanga na hewa, kisha msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, yaani ukumbi wa juu, kisha ndani. Kila ukisogea, sakafu inainuka kidogo, mwanga unapungua, na mapambo ya ukutani yanazidi. Mtu asiyejua lugha yoyote angeelewa kwa miguu yake peke yake kwamba anakaribia mahali penye heshima kubwa zaidi.

Huko ndani ndiko kuna zidaka, kama wanavyotamka Waamu. Ni ukuta mzima wa vishubaka vidogo vilivyopangwa kwa safu, vyenye kingo zilizochongwa kwa mkono, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka ng'ambo, vitabu na vitu vingine vya thamani. Nilikaa mbele ya ukuta huo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote kisiwani. Ukikaa kimya, utaona kwamba kivuli ni sehemu ya nakshi: kila kidaka kina giza lake, na giza hizo zinaupa ukuta kina ambacho hauna, hata chumba chembamba kikaonekana kimerefuka. Hakuna rangi hata moja. Ni chokaa, mwanga wa ua unaofika kwa mbali, na subira ya fundi. Nimewahi kuona sanaa nyingi za kuvutia kwa wingi wa vitu vyake, lakini hii inavutia kwa kujizuia, na ndiyo iliyonishinda moyo.

Mwelezaji alitufahamisha pia kuwa chumba hicho kilikuwa cha mwanamke. Kwa desturi ya Waamu wa nyumba za mawe, baba alimjengea binti yake nyumba au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Kwa hiyo zidaka, pamoja na kaure zake, zilikuwa mandhari ya bibi harusi alipoketi kutazamwa na wageni wa kike. Maelezo hayo yalibadilisha kabisa namna nilivyoutazama ukuta ule, kwa kuwa mara ya kwanza niliuchukulia kuwa ni maonyesho ya mali ya mwanamume, kumbe ulikuwa zawadi ya baba kwa mwanawe.

Chooni kuna jambo ambalo ningesikitika kama lingenipita tena. Birika la maji lilifugiwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na chini yake ilizamishwa bakuli ya kaure, ili maji yanapopungua samaki wabakiwe na kidimbwi chao. Mama yangu alicheka kwa furaha aliposikia hivyo, akasema, «Mwanangu, hawa walijua kuishi.»

Kuanzia hapo mambo yaligeuka, akawa yeye ndiye mwelezaji. Mbele ya vyombo vya jikoni alitaja kila kimoja kwa jina lake, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kinu na mchi, chano, kawa ya kufunikia chakula, na akaeleza kwa nini kawa nzuri husukwa kwa ukindu uliotiwa rangi lakini upande wa ndani ukaachwa bila rangi. Yule kijana aliuliza maswali, naye akajibu, na nikatambua kuwa hiyo ndiyo namna bora ya kuizuru nyumba hii: njooni na mzee, na mwacheni aseme. Nyumba ni ndogo, kwa hiyo pia jitahidini msifike wakati mmoja na kundi kubwa, maana watu kumi ndani ya chumba chembamba huziba mwanga unaofanya kazi yote.

Tulipotoka, mitaa ilikuwa si ile tuliyopita asubuhi. Kuta ndefu zisizo na madirisha, ambazo mgeni huziona kuwa ni za kutisha au za kunyima, sasa nilizielewa kuwa ni migongo ya vyumba kama vile. Nilianza kuhesabu madaka. Tulipopita chini ya wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, nilikumbuka wale mabinti waliojengewa karibu na mama zao, na nikaona jinsi nyumba zilivyoweza kushikana mikono juu ya vichwa vya wapita njia. Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na aghalabu husifiwa kwa majengo yake, lakini kinachoupa uhai ni kwamba watu bado wanaishi ndani yake, bado punda wanabeba mawe na mchanga kupitia vichochoro visivyoweza kupitisha gari, na mawe yenyewe bado yanachimbwa Maweni, ng'ambo ya maji, kisiwani Manda.

Makumbusho ya Lamu ya ufukweni tuliyazuru siku hiyo hiyo alasiri, na yalinufaika sana kwa kufuata nyuma. Sifa yake kubwa ni siwa, yaani mabaragumu makubwa ya sherehe: ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, ambazo hupulizwa kwa tundu la ubavuni na zilipigwa katika harusi na sherehe za watu wakubwa. Zikitazamwa peke yake ni vitu vya ajabu vya kiooni. Baada ya kutoka kwenye chumba cha bibi harusi, hata hivyo, sauti yake inapata mahali pa kutua, kwa sababu unajua ilikuwa ikimtangaza nani. Kiti cha enzi nacho, cha mbao nyeusi na vipande vya pembe, nilikiona kwa namna nyingine nilipokwisha kujua wageni walipokewa wapi na kwa mpangilio gani.

Ngome naisema kwa kifupi. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984, na kinachonipendeza zaidi ni uwanja ulio mbele yake, Mkunguni, ambako wazee hukaa kivulini jioni. Nyumba ya posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, inamfaa zaidi mpenzi wa historia ya ukoloni kuliko anayetafuta sanaa.

Kuhusu ununuzi, nashauri usubiri mpaka uwe umeizuru nyumba, kwa kuwa jicho linakuwa limekwisha kufundishwa. Kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuna mafundi seremala wanaochonga mbele ya macho ya mteja, na safari hii sikuhitaji mtu wa kunipeleka. Nilinunua marufaa ya mbao ya mbambakofi, iliyotolewa katika ubao mmoja uliopasuliwa hadi nusu kutoka kila upande na kuachiwa bawaba ya mbao ile ile, bila msumari wala gundi, ikafunguka kupokea Msahafu. Nakshi yake ni ya duara na majani, haikuzidishwa. Fundi alitaja bei, mama akaikubali bila kuipunguza, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya katika soko lolote la Malindi, na nilipomuuliza alijibu kwamba kazi ya siku mbili haiombwi punguzo.

Mnaokusudia kwenda na wazee mjue kwamba vizingiti ni virefu, ngazi ni za mwinuko mkali na hazina mahali pa kushika, na njia kutoka gatini ina mawe yanayoteleza mvua ikinyesha, hivyo ni vizuri kutoka mapema na kwenda polepole. Vaeni mavazi ya stara, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Sisi tulimaliza kwa kurudi pale tulipoanzia. Mama aliomba akae tena kwenye lile daka kabla ya kwenda gatini, na alikaa hapo karibu nusu saa, marufaa mapajani, akiitikia salamu za kila aliyepita kana kwamba nyumba ni yake.