Jimu ya Roysambu: vyuma safi, lakini hiyo droo ya kocha zii

Nimekuja hapa miezi mitatu, vyuma vipya, maji ya kuoga moto hata saa kumi na moja asubuhi. Shida ni kocha mmoja, alinivuta kando akafungua droo akanionyesha kichupa hakina hata lebo, ati "bro, miezi miwili unakuwa ukuta". Nikamuuliza, kama Barry Bonds? Hamjui! Jamaa wa besiboli huyo, alipiga homu rani (mpira unapigwa mpaka nje ya uwanja) 73 mwaka wa 2001, jumla 762, na juu watu wanashuku steroidi, dawa za kufura misuli, mpaka leo hajaingizwa kwa ukumbi wa magwiji. Mark McGwire, mwenzake wa besiboli, naye 70 mwaka wa 1998, 2010 akakubali mwenyewe alitumia. Sasa hizo homu rani tuhesabu ni za mkono ama za sindano? Mimi sizihesabu. Nyota tatu, ningepeana nne.