Dunga, Kisumu: mashua kwanza, samaki baadaye

Ukiwapeleka watoto Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, likizo ya Agosti, fika asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Alasiri upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, mawimbi huinuka na walioketi mbele hulowa. Patana bei kabla ya kupanda, na iwe wazi kama ni ya mashua nzima au ya kila kichwa. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Jaketi la kuokolea maisha lijaribu kwa kulivuta mabegani: likipanda hadi masikioni mwa mtoto, ni kubwa mno. Likikosekana linalomtosha, asipande.

Samaki ndiye sababu ya kurudi. Chagua ngege akiwa mbichi: macho maangavu, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Agiza kabla ya kuingia majini ili umkute tayari. Aliyekaangwa kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu humshinda mkavu kwa mbali, hasa kwa ugali na mnavu. Watoto wachambulie miiba ya ubavuni.

Magugu maji yakijaa ufuoni, mashua hukwama. Uliza kabla ya kutoka mjini.