Mfumo wa Kuvuna Mvua na Kutumia Tena Maji ya Kufulia: Maoni ya Mteja wa Moshi

Duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Moshi huuza kwa bei ya pamoja gata za bati, simtanki la lita 2,000, bomba la kutoa maji ya kwanza na pipa la kuchujia maji ya kufulia, na humtuma fundi wake kuja kufunga. Tuliununua mfumo huo baada ya mkutano wa mtaa ambapo mtendaji na afisa afya walituhimiza tuvune mvua na tusimwage ovyo maji yaliyokwisha kutumika. Kwa kuwa sasa umepitia masika mazima na kiangazi chake, ni haki wenzangu wanaofikiria kuununua wajue unafaa wapi na unapungua wapi.

Katika kuvuna, kazi ni nzuri. Gata zimefungwa kwa mteremko unaoonekana kwa macho, viungo havivuji, na mdomo wa tanki umefunikwa kwa wavu usiopitisha mbu. Hesabu yake ni nyepesi, na kila mwenye nyumba aifanye kabla ya kuchagua tanki: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa letu lina mita za mraba zipatazo 60, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu hapa Moshi mwezi wa Aprili, hutupatia lita 1,200, ukiondoa kidogo kinachorukia nje. Mwezi huo maji ya kufua, kudeki na kumwagia choo yote yalitoka tankini, na bili ikapungua.

Kasoro kubwa iko kwenye bomba la kutoa maji ya kwanza. Mvua ya mwanzo huosha paa, ikakusanya vumbi la kiangazi, majani na vinyesi vya ndege, na bomba hili lililosimama wima kando ya tanki limekusudiwa kuupokea uchafu huo hadi lijae, ndipo maji safi yaelekee tankini. Fundi alituwekea kipande cha inchi 4 chenye urefu wa mita moja, ambacho hubeba lita 8 hivi tu, ilhali ukitaka kutoa nusu milimita ya kwanza kwenye paa la ukubwa huu unahitaji nafasi ya lita 30. Matokeo yake, maji ya mwanzo tankini yalikuwa na rangi ya chai nyepesi na masalia meusi chini. Duka halikukana kosa, lakini lilitaka tulipie bomba la nyongeza, jambo nisilokubaliana nalo hata kidogo, kwa sababu paa lilipimwa na fundi wao wenyewe.

Pipa la kuchujia lina mchanga juu, changarawe katikati na kokoto chini, na maji hutoka kwa bomba lenye matundu hadi kwenye mashina ya migomba. Linafanya kazi, ila lilikuja bila maelezo yoyote. Afisa afya wa kata ndiye aliyefika, akafunua mfuniko, akachota kiganja cha mchanga ulioganda kwa sabuni na kutuonyesha namna ya kuukwangua na kuubadilisha. Alitueleza pia kwamba maji hayo yasilale zaidi ya siku moja kwa kuwa hunuka, kwamba yenye dawa ya kung'arisha nguo yasipelekwe shambani, na kwamba yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi. Ziara hiyo fupi ilinisaidia kuliko mabango yote niliyowahi kuyasoma, na natamani kila kata iwe na mtu wa namna hiyo.

Mji wenyewe hufanya jambo hili kwa kiwango kikubwa, kwani majitaka yaliyosafishwa katika mabwawa ya Mabogini hunywesha mashamba ya mpunga. Sera ya Maji ya mwaka 2002 nayo ilitambua uvunaji wa mvua. Tatizo ni majira: Wiki ya Maji hufikia kilele tarehe 22 Machi, wakati masika yameshabisha hodi na fundi wa gata hapatikani. Halmashauri ikianza kuhimiza mwezi wa Januari, na mhandisi wake akawa anauliza maji ya paa yatakwenda wapi kila ramani inapoletwa kuombewa kibali cha ujenzi, nyumba nyingi zaidi zitakuwa tayari mvua ikianza.

Kwa anayetaka kununua, nashauri achukue gata na tanki, ambalo hula karibu nusu ya gharama, na adai urefu wa bomba la maji ya kwanza uandikwe kwenye risiti kabla hajalipa. Kwa paa kama letu uwe mita 4, hata kama utagawanywa kwenye mabomba mawili. Pipa la kuchujia aliache dukani, kwani fundi yeyote wa mtaani anaweza kulitengeneza kwa pipa kuukuu na mchanga uliooshwa vizuri.