Doti 36 zilizolala njiani: tathmini ya basi la Dar es Salaam hadi Lindi

Nilisafiri siku ya Ijumaa kwenda Lindi kwenye harusi ya rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye nikahi yake ilipangwa kufungwa Jumamosi baada ya Alasiri, nyumbani kwao Mtanda. Kampuni ya basi sitaitaja, kwani abiria niliokaa nao njiani walinisimulia mikasa ya namna hiyo hiyo katika mabasi mengine. Ninachokipima hapa ni huduma yenyewe, hasa namna mzigo wa abiria unavyotunzwa pale gari linapoharibika. Nimeipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya dereva peke yake.

Mwanzo wa safari sina la kulaumu. Tiketi niliikata kwa simu kwa shilingi 30,000, ikiwa na namba ya gari na namba ya kiti, na kiti hicho ndicho nilichokikuta. Tuliondoka Mbagala saa 12 na dakika 10 asubuhi. Dereva hakukimbizana na mtu, na kile kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho katika mabasi mengine hulia njia nzima mithili ya jogoo aliyepotewa na saa, nilikisikia mara mbili tu. Tulivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji mapema, na mzee aliyekaa pembeni yangu akanikumbusha kwamba kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wakingoja kivuko.

Nilikuwa na marobota mawili ya khanga, doti 36, niliyoyafunga Kariakoo kwa sandarusi na kamba ya katani. Hizo ndizo zilizokuwa sare za wanawake wa upande wa bibi harusi, na kwa kuwa michango ilichelewa kukamilika, nilizinunua siku moja kabla ya safari. Niliomba robota moja nikae nalo miguuni, kondakta akakataa kwa hoja kwamba abiria watajikwaa, na hoja hiyo niliikubali. Akaandika LINDI kwa kalamu nene juu ya sandarusi, akapokea shilingi 10,000, akanipa risiti ndogo iliyoandikwa "Mz. 2 Lindi". Haikuwa na namba wala kibandiko cha kulinganisha na mzigo wenyewe.

Tulipopita Somanga, kabla ya kufika Nangurukuru, gari lilichemsha. Mpira wa maji ulipasuka, mvuke ukatanda hadi kwenye viti vya nyuma, na fundi alipokuja baadaye alisema gasketi nayo imeungua. Kwa hili siishushi kampuni hata nusu nyota, kwa sababu chombo ni chuma na chuma huchoka. Dereva aliegesha vizuri, akaweka alama za pembetatu, akatushusha upande usio na magari na kutuelekeza kwenye kivuli cha mkorosho. Wakala alipopigiwa simu alitaja ubovu wa barabara. Ni kweli kwamba Mei 2024 mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara hii maeneo ya Somanga na kuwakwamisha watu, lakini siku yetu lami ilikuwa kavu na barabara haikuwa na hatia yoyote.

Tulikaa pale kuanzia saa 7 mchana. Ilipokaribia saa 12 jioni lilifika basi jingine la kampuni hiyo hiyo likiwa na nafasi chache, wazee na wenye watoto wakatangulizwa kama inavyostahili, nami nikapata kiti cha mwisho. Nikaomba marobota yangu. Hapo ndipo tulipoelezwa kwamba ufunguo wa buti uko ndani ya shada moja na ufunguo wa gari, na shada hilo lilikuwa mfukoni mwa utingo aliyepanda bodaboda kwenda Nangurukuru kutafuta vipuri.

"Dada, mzigo hauna miguu," kondakta aliniambia, "kesho asubuhi utaupokea stendi."

"Kaka, harusi nayo ina saa yake."

Hakunijibu, akaanza kupiga kofi ubavu wa gari ili dereva aondoke, nikalazimika kuchagua kati ya kulala porini na khanga au kufika bila khanga.

Nilifika Lindi saa 3 usiku. Mama mkubwa wa bibi harusi alikuwa bado macho, nikamwamkia, akaitika na papo hapo akauliza nguo ziko wapi. Sikuwa na cha kumpa ila ile risiti. Aliisogeza kwenye taa, akaisoma, akaigeuza upande wa pili kutazama kama kuna maelezo zaidi, kisha akasema kwa utaratibu kabisa: "Basi mwanangu, kesho tutavaa karatasi."

Namba iliyoandikwa kwenye risiti ilipokewa na ofisi ya Dar es Salaam, ambayo ilinipa namba ya kondakta, naye simu yake ilikuwa imezimwa. Jumamosi nilipiga mara kumi na moja. Mara ya nane mhudumu alinitaka niwe na subira, bila kujua kwamba jina la khanga zenyewe lilikuwa "Subira yavuta heri". Marobota yalishuka stendi saa 12 jioni, nikahi imekwisha kusomwa na wanawake wamevaa kila mtu alichokuwa nacho sandukuni. Doti nne zilikuwa na madoa ya oili, kwani mtu aliweka dumu la fundi juu yake. Zilizobaki zilivaliwa Jumapili, na picha za siku ya nikahi zimebaki na rangi kama za gulio.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda ofisini na risiti zote, ile ya mzigo na zile za Kariakoo. Nilirudishiwa shilingi 10,000 siku ile ile, na baada ya wiki mbili nikatumiwa kwa simu nusu ya bei ya zile doti nne. Mhudumu alikuwa na adabu na alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo nalitaja kwa haki. Nusu nyingine alisema ni ya abiria kwa sababu mzigo haukuandikwa kwamba ni nguo, ingawa sehemu ya kuandika hivyo kwenye risiti haipo. Nyota ya pili nimeitoa kwa ajili ya mhudumu huyo, nikisitasita.

Safari ya kurudi ilikuwa kwa kampuni ile ile, kwa kuwa tiketi nilikwisha kuilipia. Sikuwa na mzigo ila mkoba wa begani na kifurushi cha biriani nilichofungiwa na wenyeji. Kabla hatujaondoka nilimwomba kondakta, ambaye hakuwa yule wa mwanzo, anionyeshe funguo za buti. Alivuta kamba ya kiatu iliyokuwa shingoni mwake, na kwenye kamba ile ulining'inia mmoja.