Ibada ya Maua inafana, ya Maji inahitaji kurekebishwa

Kati ya ibada za msimu za Waunitariani wa Marekani (dhehebu la kiliberali lenye asili ya Ukristo), ya Maua ndiyo bora. Mchungaji Norbert Čapek aliianzisha Prague mwaka 1923. Mkewe, Maja, akaifikisha Marekani 1940. Kila mtu huja na ua, hulichomeka kwenye chombo cha pamoja, na mwishoni huondoka na ua la mwenzake. Ni hivyo tu, na inagusa moyo kweli. Kinachoiharibu ni maandalizi. Wageni huja mikono mitupu, kwa hiyo pawe na ndoo ya maua ya akiba mlangoni. Mabua marefu huangusha chombo: yafupishwe kwa kukatwa mshazari, na chombo kiwe kizito chini. Mayungiyungi yatolewe chavua mapema, maana huacha madoa ya rangi ya chungwa kwenye nguo na kuwapigisha chafya wenye mzio.

Ibada ya Maji, iliyoanza 1980 na hufanyika zaidi Septemba, ni ya kila mtu kuleta maji kidogo kutoka mahali alipokuwa na kuyamimina kwenye bakuli la pamoja. Hupwaya pale kila anayemimina anapopewa maikrofoni aeleze yalikotoka. Inageuka orodha ya safari za likizo, na asiyesafiri anajiona mnyonge. Wamimine kimya, vijiko viwili vinatosha. Maji hayo yakiwekwa ya kubarikia watoto baadaye, yachemshwe kwanza. Mabichi huota ukijani.